Mzigo Umefika, Punda Je?

Barabara inaishia Mokowe. Kuanzia hapo ni boti, na baada ya boti ni miguu: ya mtu au ya punda. Kisiwa cha Lamu kinasifika kwa mengi. Mji wake mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, Maulidi ya msikiti wa Riyadha huleta wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo, na milango yake ya nakshi imepigwa picha hata ikachoka. Lakini maisha ya kila siku yanaamuliwa na vichochoro, vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akitokea mbele mtu hujibanza ukutani ampishe. Lori halipiti humo. Ndiyo maana mawe, boriti, saruji, mchanga na kreti za soda zilizomo ndani ya mji huu, sehemu kubwa zimepita juu ya mgongo wa mnyama huyo mmoja kabla ya kumfikia aliyeziagiza. Nimekuja Lamu kutazama ukatili kwa wanyama na wajibu wetu wa kuukomesha, na wala si kwa kuwa Waamu ni wakatili kuliko watu wengine. Bara, kuku husafiri vichwa chini wakiwa wamefungwa miguu kwenye pikipiki, ng'ombe hukokotwa safari ndefu ndani ya malori wamesimama bila maji, na sisi tulio barabarani tunapita tukiwaza yetu. Hapa kazi ya mnyama haijifichi. Inapita mlangoni, na mtu anaweza kuifuata tangu ufukweni hadi kwenye jengo linaloisubiri.

Nikiifuata naona jambo ambalo mazungumzo yetu kuhusu ukatili hulikwepa. Tukimwona punda anapigwa, macho humwendea aliyeshika fimbo. Huyo ndiye tunayemwita katili, huyo ndiye tunayetaka afunzwe adabu. Mara nyingi ni kijana wa kuajiriwa. Punda si wake na mzigo si wake. Uzito wa mfuko hakuuchagua yeye, saa ya jahazi kuondoka hakuipanga, na bei ya kazi walikubaliana wengine. Fimbo ni yake, kweli, na simwondolei lawama. Ila nashikilia kwamba ukatili mwingi wa aina hii huamuliwa kabla fimbo haijainuliwa, na huamuliwa na watu ambao hawamgusi punda kabisa: aliyeagiza mzigo, aliyeukadiria bei, aliyetaka ufike leo. Kama ni hivyo, basi wajibu wa kuukomesha nao unapaswa kuanzia kwao.

Ushahidi wa kwanza ni bahari yenyewe. Vyombo vya mizigo huja na maji. Maji yakijaa, majahazi na mashua husogea karibu na ukingo; yakipwa, chombo hukaa mchangani na kazi inakuwa ngumu maradufu. Mawe ya kujengea hutoka ng'ambo ya mkondo, kisiwa cha Manda, ambako wachimbaji wa Maweni huyakata kwa mikono kutoka kwenye mwamba wa matumbawe. Jahazi likishateremsha mawe yake, nahodha anataka kurudi kabla bahari haijamfungia. Mwenye jengo amewalipa mafundi wa siku nzima na hataki wakae bure. Na kazi ya kubeba hulipwa kwa safari au kwa idadi ya mawe, si kwa saa. Yaunganishe hayo matatu, na utaona kwamba kila dakika ambayo punda anasimama kupumua ni hasara ya mtu fulani. Hakuna aliyekaa akaamua kuwa leo tumtese mnyama. Mpango wenyewe umeshaamua.

Punda mmoja aliyesimama hapo ukingoni atosha kueleza mengine. Mgongoni ana shogi, ule mfuko mkubwa unaoning'inia pande mbili, huu ukiwa umeshonwa kwa gunia la nailoni. Chini ya shogi kuna gunia jingine lililokunjwa ili mgongo usichubuke. Mchanga unaobebwa umetoka majini, unachuruzika. Maji ya chumvi yanapenya kwenye lile gunia la chini, na chembe za mchanga nazo zinapenya, hadi kitu kilichowekwa kumkinga punda kinageuka msasa. Penye mfupa wa bega manyoya yamekwisha, na ngozi ni ya waridi, yenye unyevu, inzi wametulia. Kamba inayozuia shogi isiteleze mbele imepitishwa chini ya mkia, na huko nako kuna donda, la duara, la zamani, lenye kingo ngumu. Kijana wake anamwaga ndoo ya mchanga upande wa kulia, anazunguka, anamwaga upande wa kushoto. Anahesabu kwa sauti. Hesabu hiyo ndiyo ujira wake.

Sasa tuitazame hesabu nyingine. Punda wa Afrika Mashariki ni mdogo. Wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150. Wataalamu wa wanyama kazi huwashauri wafugaji wasimbebeshe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 130, kwa kipimo hicho, mwisho wake ni kilo 43 hivi. Mfuko wa saruji una kilo 50. Tena shogi ina pande mbili, na mzigo usipolingana hupinduka, kwa hiyo mfuko mmoja haukai vizuri. Inayolingana ni miwili. Miwili ni kilo 100. Pale kiwandani, aliyeamua kwamba saruji ifungwe kwa kilo 50 alikuwa akifikiria lori na mabega ya mpakuzi. Punda hakuwemo akilini mwake. Na fundi anayepiga simu kuagiza mifuko 20 hasemi lolote kuhusu jinsi itakavyopandishwa mtaani. Kwa hiyo kosa linaloitwa na sheria kumpakia mnyama kupita kiasi limeshatendeka kwenye karatasi, na kijana wa ukingoni ni wa mwisho kulitia sahihi. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inalitaja kosa hilo pamoja na la kupiga, na inamshika anayetenda pamoja na mwenye mnyama anayeruhusu. Ni sheria nzuri kwa kadiri yake. Mwenye mzigo, ambaye jengo lake ndilo lililoita, ni vigumu kumwona akifikiwa nayo.

Haya si mageni hata kidogo. Huko Abydos, Misri, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na kaburi la mmoja wa wafalme wa mwanzo, miaka kama 5,000 iliyopita. Wataalamu walipoichunguza waliona pingili za mgongo zimeharibiwa na mizigo. Yaani wanyama walioheshimiwa kiasi cha kuzikwa na mfalme walikuwa wamekwisha kuumizwa na kazi yake. Punda alifugwa kwa mara ya kwanza katika pembe hii yetu ya Afrika, tangu kabla ya farasi kufugwa kwingineko, na inaonekana heshima na donda vimekuwa vikitembea pamoja tangu hapo. Nalisema hili kwa sababu Lamu pia kuna heshima. Wapo wenye punda wanaojivunia wanyama wao, wanaowapa majina, wanaowapeleka kwenye mashindano ya mbio wakati wa sherehe na mji mzima ukatoka kushangilia. Upendo upo. Anayedhani ukatili utakoma pindi watu watakapofundishwa kuwapenda wanyama hajaeleza kwa nini umedumu miongoni mwa watu wanaowapenda.

Pingamizi la haraka kabisa ni kwamba punda ni mkaidi, na mkaidi haendi bila fimbo. Lugha yetu imelipa jambo hili nguvu. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, tunasema afe punda mzigo ufike, na tunacheka. Wanaomfahamu mnyama huyu wanaeleza vingine. Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka husimama, akatathmini, asipige hatua mpaka aridhike. Ni tabia ya mnyama wa nyika kavu na yenye mawe, ambako kukurupuka ni kuvunjika mguu. Anaposimama mbele ya ngazi zenye utelezi akiwa na kilo 100 mgongoni, ameona hatari ambayo mwenye fimbo haioni. Halafu kuna jambo baya zaidi kwake: haonyeshi maumivu. Mbwa hulia, ng'ombe huacha kula upesi, lakini punda huyameza mateso hadi hali iwe mbaya sana, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu ndiye anayefuatwa na simba. Basi ule utulivu wake tunaouita uvumilivu, na kuusifu, unaweza kuwa ni ugonjwa uliokomaa. Fimbo hapo haimwambii kitu asichokijua. Inampa woga mmoja uushinde mwingine.

Kwenye ukingo wa bahari kuna hospitali ya punda, inayoendeshwa na shirika la Kiingereza la Donkey Sanctuary tangu mwaka 1987. Hutibu bila malipo: madonda yanasafishwa, kwato zinachongwa, dawa za minyoo zinatolewa, na punda waliokwisha nguvu hupatiwa mahali pa kupumzika. Kila mwaka wenye punda waliotunzwa vizuri zaidi hutuzwa. Ni vigumu kufikiria mji huu bila kazi hiyo, na anayeibeza hajawahi kuona donda lenye funza. Lakini hospitali, kwa asili yake, hukutana na punda baada ya mzigo. Donda likifunga, punda hurudi ukingoni, anapakiwa shogi ileile, kwa mifuko ileile, na baada ya wiki kadhaa donda hufunguka palepale. Dawa za Waingereza zinalipia sehemu ya gharama ya ujenzi ambayo mwenye jengo hajawahi kuandikiwa katika hesabu yake. Sidhani kama waliochangia fedha hizo huko kwao walikusudia kupunguza bei ya mawe, ila kwa kiasi fulani ndicho wanachofanya.

Hapa huinuka pingamizi zito kuliko la ukaidi. Haya ni mambo ya wazungu, husema watu. Wao huwapenda wanyama kuliko binadamu, na wametuletea dini yao mpya ya kumwonea huruma punda ilhali watoto wanalala njaa. Naielewa hasira iliyomo. Ila kwa mji wa Lamu, wa madrasa na vyuo, hoja hii ina upungufu mkubwa wa kumbukumbu. Waislamu wa pwani hii wengi ni wa madhehebu ya Shafii. Katika madhehebu hayo alikuwapo Izzuddin ibn Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 1262, ambaye katika kitabu chake cha kanuni za hukumu aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye kumiliki. Amlishe, hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena kwa kazi. Asimtwishe asichokiweza. Asimweke pamoja na kitakachomdhuru. Alizitaja kama haki, zenye mwenyewe, na si kama wema wa hiari. Miaka 200 kabla yake, Mshafii mwingine, al-Mawardi wa Baghdad, alipoeleza kazi za muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, aliweka humo jukumu la kuwazuia wenye wanyama wasiwanyime chakula wala kuwatumikisha kupita uwezo wao. Na kabla ya wanachuoni wote hao kuna ile habari iliyopokewa katika Hadithi, ya ngamia aliyetokwa na machozi mbele ya Mtume, naye akamkemea mwenye ngamia kwa kumtia njaa na kumchosha. Hakuna mzungu katika habari hizi. Ukizisoma vizuri utaona zimetangulia mbali kuliko sheria ya Sura ya 360, kwa sababu al-Mawardi hakumwacha mnyama kwenye dhamiri ya mwenyewe peke yake. Alimweka ofisa sokoni, mahali pa kupakia.

Wapo wanaotumia dini kwa upande wa pili: mnyama ameumbwa atutumikie, Kurani yenyewe inamtaja punda miongoni mwa vipando. Sawa. Kutumika hakupingwi, na wanachuoni niliowataja hawakukupinga. Mimi pia sisemi punda aachwe akae kivulini. Kipando kilichoumbwa kwa ajili yetu bado kina kiasi chake, na kiasi ndicho tunachozungumzia.

Kuhusu njaa ya watoto, jibu haliko Lamu peke yake. Lipo bara, kwenye njia ya kwenda Baringo. Kuanzia mwaka 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, yakafikia manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Kilichotafutwa zaidi ni ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa huko China hadi itoe gundi iitwayo ejiao, inayouzwa kama dawa na kirutubisho, na umaarufu wake ulipopanda punda wa China walipungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Wafanyabiashara wakaja Afrika. Utafiti wa KALRO, taasisi ya serikali ya Kenya ya kilimo na mifugo, ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa katika machinjio hayo kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, na ukaonya kwamba kwa mwendo huo punda wangekwisha nchini ndani ya miaka michache. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima na kuzaa mmoja. Hakuna namna ya kufuga kwa kasi ya machinjio. Bei ikapanda, na ilipopanda wakaingia wezi: punda waliibwa usiku, wakachinjwa vichakani, mwenyewe akakuta mzoga usio na ngozi.

Nani aliumia? Wanyama kwanza, waliosafirishwa mwendo mrefu bila maji na kurundikwa wakingoja zamu. Lakini pamoja nao waliumia hasa wale wanaotajwa katika pingamizi, yaani maskini. Mwanamke aliyekuwa akipeleka madumu manne ya maji kwa punda aliamka asubuhi akayakuta madumu bila punda, na maji yakahamia mgongoni mwake, au mgongoni mwa binti ambaye ilibidi achelewe shule. Kwa familia nyingi za Kenya punda ni gari, ni mtaji, ni mkopo usio na riba. Anayesema tushughulikie watu kwanza halafu wanyama anadhani hizo ni foleni mbili. Katika boma lenye punda mmoja ni foleni moja. Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo baada ya wafugaji wenyewe kuandamana na kulalamika. Mei 2021 mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Wafugaji walitangulia, serikali zikafuata. Aliyesema huruma kwa punda ni anasa ya wageni awatazame hao.

Ninaitaja biashara ya ngozi ndani ya safari ya Lamu kwa sababu inaionyesha hoja yangu bila kificho. Katika mnyororo ule wa Mogotio hadi China, katili wako ni nani? Mchinjaji ameajiriwa. Dereva analipwa kwa safari. Dalali ananunua kwa bei ya soko. Mtumiaji, bibi mmoja katika mji wa mbali anayetaka ngozi yake ing'ae, hajawahi kumgusa punda na pengine angelia akimwona. Kila mmoja ana mikono safi kiasi fulani, na mwisho wake ni wanyama laki tatu. Ilipozuiwa, haikuzuiwa kwa kuwafundisha wachinjaji upole. Ilizuiliwa pale penye leseni, penye bei, penye mpaka. Njia ileile ndiyo inayofaa ukingoni mwa Lamu, ingawa kiwango cha mambo ni kidogo na hakuna anayenuia kuua.

Kuna wanaosema tatizo litajimaliza lenyewe, kwa kuwa pikipiki zimeshaingia kisiwani na mikokoteni ipo. Huenda. Pembezoni mwa mji, kwenye njia pana, pikipiki ya mizigo ingempunguzia punda safari nyingi, na sioni sababu ya kuililia. Ila ndani ya mtaa wa Mkomani, kwenye ngazi na kona, haitafika, na punda atabaki. Isitoshe, punda asiye na kazi Lamu haendi kustaafu. Hufunguliwa ajitafutie, na anachokipata ni jalala. Madaktari wa mifugo wa kisiwani wamekuwa wakikuta plastiki matumboni mwa punda waliokufa, imejisokota hadi kuziba utumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mwaka uliofuata hapahapa Lamu mafundi walizindua jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ili dunia ione. Chupa, vifuniko na vifungashio bado vimejaa, na punda mwenye njaa hachagui. Basi kumwondoa kazini bila kusema atalishwa na nani ni kumhamisha kutoka donda la mgongoni kwenda la tumboni. Izzuddin alikwisha kulijibu hili karne ya 13: aliyefaidi nguvu zake ndiye anayemlisha uzeeni.

Kipi basi kifanyike? Kipimo kiwekwe pale pale mzigo unapoteremka, na kiwe cha kuhesabika kwa macho, maana mizani hakuna atakayeileta ufukweni. Idadi ya mawe kwa shogi, idadi ya ndoo za mchanga kwa upande. Mfuko wa saruji ufunguliwe ukingoni na kugawanywa nusu huku nusu huku, ili unaopanda kwa safari moja uwe mmoja badala ya miwili. Kilo 50 bado ni nyingi kwa punda mdogo, lakini ni nusu ya zile za leo. Punda mwenye donda wazi asipakiwe. Na anayeandikwa pale kipimo kinapovunjwa awe mwenye mzigo, kwa jina la jengo lake, pamoja na mwenye punda. Hilo la mwisho ndilo litakalobishaniwa zaidi, na ndilo lenye uzito. Kijana ukimtoza faini atalipa kwa ujira wa kesho, yaani kwa safari nyingine za punda yuleyule. Mwenye jengo akitozwa, atampigia fundi simu kabla jahazi halijafika.

Safari zitaongezeka maradufu, na mtu atalazimika kuzilipia. Huko Shela, mwendo wa dakika 40 hivi kando ya ufuo, ambako majumba ya kifahari na hoteli ndogo hujengwa na kukarabatiwa kila mara, ujira wa punda ni kitu kidogo mno mbele ya mbao, marumaru na mafundi wa nakshi. Ukiongezwa mara mbili mwenye nyumba pengine hatautambua mpaka asomewe. Wageni wake wanakuja na kupiga picha za punda kichochoroni. Si ajabu wakiambiwa kwamba nyumba wanayolala imejengwa kwa mizigo iliyopimwa. Ugumu uko kwingine. Uko mtaa wa Langoni, kwa mtu anayeongeza chumba kimoja cha mawe kwa ajili ya binti yake anayeolewa, anayenunua saruji mfuko mmoja mmoja kadiri fedha inavyopatikana. Kwake safari mbili badala ya moja ni fedha ya kweli, na anayemwambia vingine anamdharau. Lakini huyu ana kitu ambacho mwenye hoteli hana: siku. Chumba chake hakifunguliwi kwa msimu wa watalii. Mfuko wake mmoja unaweza kupanda leo na mchanga wake Jumatano, kwa punda yuleyule, bila fimbo, na mara nyingi ndivyo anavyofanya tayari kwa kukosa fedha. Haraka inayomchubua punda wa Lamu haitoki nyumbani kwake.